Barua ya wazi kwa wakubwa wa Jiji la Dodoma: barabara mpya tunaitaka, ila tuambieni tutavukia wapi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mheshimiwa Meya, Mkurugenzi wa Jiji, mameneja wa TANROADS (wenye barabara kuu) na TARURA (wenye barabara za mitaani) mkoa wa Dodoma, na yeyote yule anayeshika kalamu ya kuchora barabara.

Waheshimiwa, shikamooni wakubwa zangu na habari za kazi kwa wengine wote.

Mimi ni dereva wa bajaji hapahapa Dodoma, kijiwe chetu kipo upande wa Nzuguni jirani na stendi kuu ya mabasi pale Nanenane. Abiria wangu ni wale wanaoshuka na mabegi kutoka mikoani, kina mama wanaotoka kununua jumla soko la Job Ndugai, wanafunzi wa UDOM, wagonjwa wanaowahi hospitali ya Benjamin Mkapa, na siku mojamoja wafanyakazi wa wizarani gari la ofisi likiwa limewaacha. Nawaandikia kuhusu hii barabara kuu mpya ya kupita ndani ya jiji ambayo mnasema inakuja kutupunguzia foleni. Niseme mapema ili nisieleweke vibaya, barabara tunaitaka. Anayesema Dodoma hakuna foleni huyo anaamka saa nne. Ila kuna jambo moja silisikii kabisa kwenye hotuba, hotuba zinataja kilomita, njia nne, taa za barabarani, mabilioni, mkandarasi na miezi ya mkataba, na mimi nauliza kitu kimoja tu, tutavukia wapi?

Foleni yetu haina uchawi, sababu zake zinaonekana kwa macho. Barabara kuu nne, ya Dar kupitia Morogoro, ya Singida, ya Iringa na ya Arusha kupitia Kondoa, zote zinakuja kukutana hapahapa mjini kwetu, yani mtu anayetoka kusini kwenda kaskazini mwa nchi hii na anayetoka Dar kwenda kanda ya ziwa wote lazima waje wasalimiane Dodoma. Alafu sisi wenyewe tumeongezeka, sensa ya 2012 manispaa ilikuwa na watu 410,956 na sensa ya 2022 jiji likakutwa na watu 765,179, tumekaribia kuwa mara mbili ndani ya miaka kumi na wengi wa hawa wapya wamekuja na magari. Alafu serikali ikaja, ofisi zikaenda Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati, na Ikulu ipo Chamwino mbele zaidi, njia hiyohiyo. Kwa hiyo asubuhi jiji zima linasukumwa kuelekea mashariki kwenye barabara moja ya Morogoro kuwahi saa moja na nusu, na saa tisa na nusu jioni linarudi lote kwa pamoja. Mabasi ya mikoani yanaingia na kutoka Nanenane kwenye barabara hiyo, malori yapo humo, daladala zipo humo, sisi bajaji tupo humo, na msafara ukipita ndo kabisa tunazima injini tunapiga stori.

(Hapo kwenye saa ningependa kuuliza pembeni tu, hivi ni lazima wizara zote zianze kazi dakika moja? Zingepishana hata nusu saa tungeona tofauti bila kumwaga hata ndoo moja ya lami. Ila hilo sio la kwenu, najua, ni la Utumishi huko.)

Sasa ile barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 ambayo Rais Samia aliiwekea jiwe la msingi Februari 2022, inayozunguka Nala, Veyula, Mtumba, bandari kavu ya Ihumwa, Matumbulu mpaka inarudi Nala, mimi sina neno nayo. Ile ni dawa ya malori. Lori linalotoka bandarini Dar kwenda Rwanda au Burundi halina biashara yoyote mjini kwetu zaidi ya kusimama kwenye mataa na kututolea moshi, lipite huko nje liende zake. Na huko nje inakopita sehemu kubwa ilikuwa mashamba na mapori, watu wachache. Lakini hii mpya ya ndani ni mnyama mwingine. Hii inapita kwenye mitaa ya watu, kuna shule upande huu na nyumba upande ule, msikiti huku na soko kule, bomba la maji huku na wanaolitumia kule. Naona watu wanazijadili barabara hizi mbili kama kitu kimoja, njia nne na njia nne, na hofu yangu inaanzia hapo, kwamba mtachukua mchoro wa barabara ya porini mje kuulaza katikati ya mitaa.

Dodoma tunajua maana ya kukatwa. Wajerumani walifikisha reli hapa mwaka 1910, mji wenyewe ukakua ukiizunguka stesheni, na mpaka leo, zaidi ya miaka mia, reli ile ndo inaamua nani anapita wapi. Ukiwa Kikuyu unataka kwenda mjini, unaangalia kwanza utavukia wapi. Sehemu za maana za gari kuvuka zinahesabika, kwa hiyo magari yote ya upande mmoja yanajikusanya kwenye tundu hilohilo, na sehemu ya foleni mnayoiona mjini ni watu wanaosubiri zamu ya kuvuka tu, hata safari yenyewe hawajaianza. Uwanja wa ndege nao upo katikati ya jiji, nao una ukuta wake wa kuzunguka, tunausubiria uwanja mpya wa Msalato uchukue kazi yake huenda siku moja tukapata njia ya kukatiza pale. Sasa mkija na barabara ya njia nne yenye kingo ya zege katikati, mitaro mirefu pembeni, na magari yanayokimbia sababu lami ni mpya, mnatuongezea reli ya pili. Tena afadhali reli, treni inapita mara chache na inapiga honi.

Na kuna kitu cha kujifunza kwenye reli ya kisasa. SGR iliyoanza kuleta abiria hapa Dodoma mwaka 2024 imezungushiwa uzio, huwezi kuvuka unavyotaka, kwa hiyo aliyeichora alilazimika tangu siku ya kwanza kuonyesha watu watapita wapi, chini au juu, na ng'ombe watapita wapi, na vikajengwa pamoja na reli yenyewe. Unaweza kulalamika kivuko fulani kipo mbali, na watu wanalalamika, lakini angalau vivuko vilikuwepo kwenye mchoro. Barabara zetu hazichorwi hivyo. Barabara inachorwa iende, kuvuka kunakuja baadae, baada ya mtoto kugongwa na wananchi kufunga njia kwa mawe, hapo ndo anakuja kiongozi anaamuru matuta yawekwe ndani ya siku saba. Sasa barabara uliyoitumia mabilioni ili magari yaende haraka unaijaza matuta, foleni inarudi palepale, na mtoto ameshakufa.

Nitawaambia siri ya kijiweni ambayo trafiki wanaijua vizuri. Mnatuona bajaji na bodaboda tunapita kinyume, pembeni ya lami, taa tumewasha, tunakutana uso kwa uso na magari, na mnatuita wahuni. Wahuni wapo, sikatai, wengine hata leseni hawana. Lakini chukua kalamu upige hesabu. Abiria anakwenda ng'ambo ya barabara, geti la bluu lile pale analiona, katikati kuna kingo na pa kugeuzia ni mbele hukooo kwenye kipilefti, ukienda umechoma mafuta kwenda na kurudi kwa nauli ya buku, na abiria mwenyewe anakuuliza kaka unanipeleka wapi mbona tumepapita. Kwa hiyo anashuka anaruka kingo kwa miguu na begi kichwani, au dereva anageuza palepale anakwenda kinyume. Faini inalipwa, kesho linarudiwa. Hata mkiweka trafiki kila nguzo ya taa hamtamaliza, kwa sababu tatizo limechorwa kwenye barabara tayari. Watu ni kama maji ya korongo, ukiwazibia hapa wanatokea pale, na wanapotokea wenyewe ndo panapokuwa pabaya.

Najua mtaniambia madaraja ya juu ya waenda kwa miguu yatajengwa. Hapo nina maneno. Daraja la juu lina kazi yake, kule Dar Kimara mpaka Kibaha walipopanua barabara ikawa njia nane huwezi kumwambia mtu avuke chini, atazeeka katikati. Lakini kwenye barabara ya njia nne ya ndani ya mji daraja la juu ni kumwambia mwenye miguu ndo azunguke ili mwenye gari asikanyage breki. Mama ana beseni la nyanya kichwani na mtoto mgongoni, apande ngazi hadi juu, atembee, ashuke ngazi, kwenda kuuza nyanya za elfu tano. Mzee wa miaka sabini na magoti yake. Mlemavu wa kiti cha magurudumu, huyo ndo mnamwambia akae nyumbani. Matokeo yake mnayajua, daraja linabaki la mabango ya matangazo na vijana wa kupiga picha, chini watu wanavuka mbio vilevile.

Kinachotakiwa humu ndani ni kuvuka chini, usawa wa lami, sehemu nyingi, kwa taa. Zebra iinuliwe kidogo kama tuta pana ili gari lipunguze lenyewe hata kama dereva hana adabu, katikati kuwe na kisiwa mtu asimame salama amalizie upande wa pili, na taa za kuvukia ziwe na muda wa kumtosha mzee, sio zile zinazokuwekea kijani ukihesabu tatu nyekundu. Na vivuko viwekwe watu wanapovuka tayari. Kabla ya kuchora chochote mtumeni kijana mmoja aende na daftari akae pale asubuhi na jioni aangalie vijia vya miguu, Dodoma vinaonekana vizuri sababu udongo wetu ni mchanga mwekundu, miaka yote watu wamepita palepale mpaka nyasi zimekufa. Kila kijia kinapokutana na mstari wa barabara yenu mpya, hapo pana kivuko. Sio lazima kila kimoja, lakini ukiona kijia kipana kama kitanda alafu kwenye mchoro pale kuna mtaro wa mita moja na nusu na kingo, ujue unamchorea mtu kifo.

Mtasema vivuko vingi vitapunguza mwendo na lengo ni kuondoa foleni. Kwanza sheria yenyewe inasema maeneo ya makazi mwisho 50, kwa hiyo hiyo barabara kisheria haikutakiwa kuwa ya kukimbia 90. Pili foleni ya mjini haisababishwi na mtu kuvuka sekunde kumi na tano, inasababishwa na magari kujazana kwenye makutano machache, na mnavyozidi kupunguza sehemu za kukatiza ndo mnavyozidi kuyajaza makutano yaliyobaki. Mimi nakaa barabarani kutwa, naona. Siku barabara ya mtaani inapofungwa kwa ajili ya msiba tu, lile turubai moja, basi makutano ya mbele yanakufa kabisa.

Na hapo ndo nakuja kwenye barabara za mitaani, TARURA hili ni lenu. Gari nyingi zilizopo kwenye barabara kuu hazikutaka kuwa pale. Mtu anatoka mtaa mmoja kwenda mtaa wa jirani, wanaonana, ila katikati kuna korongo halina daraja au kuna barabara ya mchanga ambayo gari dogo linazama mpaka kwenye rimu, kwa hiyo anaingia barabara kuu, anakaa kwenye foleni, anageuza, anarudi. Safari ya kwenda kuchukua mtoto shule inageuka kuwa safari ya barabara ya Morogoro. Mkiunganisha mitaa kwa mitaa kwa vidaraja vya kawaida na kipande cha lami au hata changarawe iliyoshindiliwa, mtatoa magari barabara kuu bila kuvunja nyumba ya mtu. Ningekuwa nashika hela mimi ningeanza na hivyo vipande kwanza, alafu ndo nije kupima foleni iliyobaki ni kubwa kiasi gani na inahitaji barabara ya upana gani. Najua vidaraja havina uzinduzi wenye kwaya, ila ndo vinavyofanya kazi.

Tena TANROADS na TARURA mkae meza moja. Kuna barabara moja sitaitaja, ilipandishwa tuta ikapigwa lami safi, ila barabara za mitaani zinazoingia pale zikaachwa chini, kimo cha goti, ukitaka kuingia na bajaji unaikimbiza kama unapanda mlima na abiria anashika bomba anataja jina la mama yake. Mvua ilipokuja pale kwenye kona pakachimbika shimo, sasa hivi ni wananchi wanajaza kwa vifusi vya matofali. Kila upande ukiulizwa unasema mpaka wangu unaishia pale. Sisi hatuishi kwenye mipaka ya ofisi, tunataka lami ya mtu mmoja iguse lami ya mwenzake basi.

Nimetaja mvua. Wageni wanadhani Dodoma hakuna maji, na kweli mvua yetu ni ndogo, milimita kama 570 kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili tu. Lakini inakuja kwa hasira, siku mbili tatu inamwaga yote, na ardhi yetu ikishalowa juu maji yanakimbia tu. Makorongo yaliyokuwa makavu miezi saba yanajaa ndani ya nusu saa. Waulizeni watu wa Nkuhungu. Sasa barabara kuu ikiinuliwa na tuta la udongo ikakatiza makorongo yale, bila makaravati ya kutosha, yale matundu ya zege ya kupitisha maji chini ya barabara, hilo tuta linakuwa bwawa, upande wa juu wa barabara watu wanalala na maji chumbani na upande wa chini karavati moja linatoa maji kwa nguvu yanachimba mpaka msingi wa nyumba. Watu wa reli ya kati wanajua, kile kipande cha Kilosa mpaka Gulwe mvua zikiwa kubwa tuta linasombwa na safari zinasimama, na ile reli ilikatiza njia ya maji toka enzi za Mjerumani.

Alafu kuna jambo ambalo naomba mhandisi alisome mara mbili. Makorongo haya kiangazi ni njia za watu. Wanafunzi wanapita humo, mbuzi wanapita humo, mama anayetoka kuchota maji anapita humo kwa sababu ni tambarare na hakuna gari. Kwa hiyo mkijenga karavati la boksi kwenye korongo kubwa, lipandisheni lifike kimo cha mtu mzima anayebeba ndoo kichwani, na upande mmoja wekeni kibaraza kilichoinuka cha kutembelea, hapo mmepata njia ya maji na kivuko cha chini kwa zege lilelile. Nyongeza ya gharama ipo, lakini kuja kujenga kivuko baadae barabara ikiwa imeshakamilika gharama yake mnaijua kuliko mimi. Muweke na taa tu humo, sababu karavati refu lenye giza ni kijiwe cha vibaka, na kina dada hawatapita saa moja usiku hata muwape hela. Na siku za mvua papigwe marufuku, kwa kibao na kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu maji ya korongo hayapigi hodi.

Vituo vya daladala nisiviache, japo hili kila mtu anajua na kila mara linasahauliwa. Kwenye mchoro mtaona kituo kimoja kizuri chenye bati, daladala moja inaingia. Njooni muone hali halisi, zinaingia Coaster na Hiace tano kwa pamoja, mbili ndani ya kituo na tatu nje zimebana njia ya kushoto, konda ananing'inia mlangoni anaita. Nyuma yao bajaji, nyuma ya bajaji bodaboda, pembeni muuza karanga na muuza vocha. Njia nne zimeshakuwa njia tatu, na ukifika wakati wa jioni ni mbili. Kwa hiyo pigeni hesabu ya kituo cha kubeba magari matano, sita, na mtenge kieneo cha bajaji na bodaboda nyuma yake, kiwe na alama, tulipie hata ushuru hatukatai. Na kituo kikae jirani na kivuko, maana kila anayeshuka asubuhi upande huu jioni atashukia upande ule, lazima avuke mara moja kwa siku, hakuna abiria wa daladala asiye mwenda kwa miguu. Kina mama lishe na wamachinga watakuja kituo kilipo mtake msitake, watengeeni nafasi mapema kuliko kuja kuwaswaga na magari ya mgambo mwaka unaofuata.

Fidia sitaiongelea sana, wenye nyumba wataandika barua yao. Ila kwa kifupi, mstari wa barabara utangazwe mapema na ubaki hapohapo. Dodoma watu wamepewa viwanja kwa utaratibu toka enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, mpaka ilipovunjwa 2017 kazi zikaenda kwa manispaa, kuna mtu ana karatasi zake zote na kibali cha ujenzi, amefika kwenye linta, anasikia tetesi kwamba mstari unapita sebuleni, ameacha kujenga, hauzi, hakai, anasubiri. Hifadhi ya barabara kuu tunaijua, Sheria ya Barabara ya 2007 ilitoka mita 22.5 ikaenda 30 kila upande kuanzia katikati, X nyekundu ya kubomolewa bila fidia na X ya kijani ya kulipwa tunazitofautisha hata watoto wanazijua. Na sheria ya uthamini ya 2016 inasema fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikizidi inaanza kula riba, na uthamini wenyewe ukipita miaka miwili umekwisha muda. Kwa hiyo msipime nyumba za watu kama hela haipo. Na mnapothamini mkumbuke yule ambaye nyumba yake haiguswi ila duka lake linabaki nyuma ya mtaro, wateja wote wapo ng'ambo na hawana pa kuvukia. Huyo hapati X ya rangi yoyote, ila biashara imekufa. Kivuko kimoja kingemuokoa.

Ombi langu sasa. Michoro ikifika ile hatua ambayo bado inaweza kubadilishwa, kabla ya kusaini mkataba na mkandarasi, ibandikwe kwenye ofisi za kata zote inapopita, michoro mikubwa inayoonyesha shule, soko, zahanati, kituo cha daladala na kila kivuko kikiwa kimewekewa namba, ili bibi yangu akija na mjukuu wake aoneshwe wewe utavukia namba nne. Mikutano iwepo, najua mikutano ya kushirikisha wananchi huwa ipo kwenye makaratasi ya NEMC, lile baraza la mazingira, ila mara nyingi wanaitwa wajumbe na watu mashuhuri wa mtaa, wanakula soda wanasaini mahudhurio. Asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo safari hii waiteni walimu wakuu wa shule za msingi, kina mama wa sokoni, viongozi wa daladala, chama cha watu wenye ulemavu, na sisi wa bajaji na bodaboda. Sisi ndo tunajua ni wapi gari linapenda kukosa breki na ni wapi wanafunzi wanatokea mbio kengele ikigongwa.

Na mhandisi mwenyewe aje, asitume gari lenye vioo vyeusi lipite mara moja mchana. Aje ashuke, avue koti, avuke barabara ya Morogoro kwa miguu pale jirani na Nanenane saa kumi na mbili na nusu asubuhi akiwa amebeba kitu mkononi. Alafu avuke tena kurudi. Mimi nitampokea upande wa pili na chai nitalipa.

Kuhusu kikao, siku yoyote mtakayosema tutakuja, tuna uongozi wa kijiwe na tuna grupu, taarifa zinafika haraka. Ila tunaomba kiwe saa tano au saa sita mchana. Mkikiweka saa moja asubuhi au saa kumi jioni hamtatuona, muda huo ndo wenye hela, na hata tukitaka kuja tutakuwa tumekwama kwenye hiyohiyo foleni.

Wenu,
Dereva bajaji, Nzuguni, Dodoma